Pumzi Ikipungua: Mbinu za Kuishi na Makovu ya Mapafu

Umerudi Mamba kutoka machimbo. Umepumzika msimu mzima, lakini kikohozi hakijapumzika. Ni kikavu, kinakuja kwa mfululizo, na ukipanda baiskeli kwenda Majimoto unashuka njiani kutafuta pumzi. Dawa za kifua umeshameza za kila rangi. Labda umemaliza hata dozi ya TB, na bado uko palepale. Tuongee.

Huenda mapafu yako yana makovu. Madaktari huita hali hiyo faibrosisi ya mapafu. Ikiletwa na vumbi la mwamba, jina lake ni silikosisi. Pafu zima hutanuka na kusinyaa bila wewe kujua. Lenye kovu limekakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa juani: hewa inaingia kidogo, na oksijeni inapenya kwa shida kwenda kwenye damu.

Nikwambie mapema ili usipoteze pesa: kovu hilo halifutiki kwa dawa yoyote. Kazi yako ni kulizuia lisikue, kuwafukuza wadudu wanaopenda kulivamia, na kuitumia kwa akili pumzi uliyobaki nayo. Mengi kati ya hayo utayafanya mwenyewe, hapohapo nyumbani.

Katavi tunajulikana kwa mpunga, mahindi na tumbaku, lakini madini nayo yana historia ndefu huku. Tawi la reli kutoka Kaliua lililetwa Mpanda baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Siku hizi vijana wanafuata dhahabu: Dirifu, Ibindi, Magamba na maduara mengine, yaani mashimo ya uchimbaji, kuzunguka Mpanda. Dhahabu hiyo mara nyingi imejificha kwenye lile jiwe jeupe gumu, kwatzi, na kwatzi ni silika tupu. Ukilitoboa kavu, ukiligonga kwa nyundo au ukilipitisha kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, unavuta silika.

Vumbi unaloliona likitua kwenye kope si lile baya zaidi. Baya ni lile lenye chembe za chini ya maikroni 5, wakati unywele mmoja una unene wa maikroni 70 hivi. Hizo chembe huzioni. Zinapita puani, zinapita kooni, zinafika chini kabisa na kukaa huko. Kwa kawaida ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi. Vumbi likiwa zito, miaka 5 inatosha, na wapo wanaougua hata kabla ya hapo.

Kama hujawahi kuona duara hata kwa mbali, usifunge ukurasa. Makovu ya mapafu huletwa pia na TB ya zamani iliyoharibu pafu kabla haijatibiwa, na ugonjwa wa baridi yabisi unaokaza viungo kila asubuhi. Kuna wanaoyapata kwa kulala jirani na banda la njiwa au kushughulika na nafaka zilizoota ukungu. Baadhi ya dawa za kutumia muda mrefu nazo zimo, zikiwemo amiodarone ya moyo na methotrexate ya viungo. Sigara inaongeza hatari. Na kwa wazee waliopita miaka 60, kuna aina ambayo hospitali inatafuta chanzo na haikioni.

Anza na makohozi, na udai jibu

Hapa ndipo watu wetu wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye picha ya eksirei, kovu la silika, kovu la TB iliyokwishapona na TB hai vinaweza kufanana sana machoni pa mtu mwenye haraka. Matokeo yake, mchimbaji anapewa dawa za TB, anamaliza, kikohozi kinabaki, anaanzishwa tena. Dozi ya pili, ya tatu. Hakuna aliyemuuliza alifanya kazi gani.

Kwa hiyo kila mara unapoambiwa una TB, uliza kwa heshima swali moja: "Daktari, vijidudu vimeonekana kwenye makohozi, au tumeamua kwa picha?" Mashine ya GeneXpert inatafuta chembe za urithi za mdudu mwenyewe na kutoa jibu ndani ya saa chache. Kupima na kutibu TB ni bure katika vituo vya serikali. Andika jibu na tarehe, na tunza kadi ya matibabu hata baada ya kupona.

Sampuli nzuri ni nusu ya jibu. Itoe asubuhi kabla ya kula. Sukutua kwa maji matupu. Simama nje, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili, uitoe taratibu, kisha ya tatu kohoa kwa nguvu kutoka kifuani. Kinachotakiwa ni kile kizito cha ndani. Mate mepesi ya mdomoni yanarudisha jibu la "hakuna" wakati mdudu yupo.

Sasa usije ukaelewa vibaya ukazikataa dawa za TB. Silika huua chembe zinazolinda mapafu, kwa hiyo mtu mwenye silikosisi anapata TB kwa urahisi kuliko wengine, na hatari hiyo haiishi hata akiacha mgodi. Ukiwa na VVU pia, hatari inapanda maradufu na zaidi. Pima VVU. Kila kikohozi kinapobadilika, ukaanza kutoa jasho usiku, kupungua uzito au kupata homa za jioni, rudi ukapime makohozi upya. Na ikithibitika kwamba huna TB hai, muulize mhudumu kama unastahili dawa za kinga ya TB.

Andika historia ya kazi zako

Chukua daftari la mtoto, ng'oa karatasi moja. Andika kila kazi uliyowahi kufanya, mahali, mwaka ulioanza na mwaka ulioacha. Usiandike "mchimbaji" ukaishia hapo. Andika ulitoboa kwa mashine kavu au kwa maji, ulikuwa karashani, ulibeba mifuko, uligonga mawe juu au ulichenjua kwenye mwalo. Kina mama wanaotwanga mawe na kugonga kokoto, nanyi andikeni. Hata mwaka mmoja wa kusaga mawe kavu una maana.

Upande wa pili andika dawa zote unazotumia, sigara kwa siku na kwa miaka, viungo vinavyouma, mifugo inayolala karibu nawe, na kuni au mkaa unaopikia. Karatasi hiyo inamwokolea daktari dakika 15 za maswali, na wewe hutasahau kitu ukishaingia chumbani na moyo unadunda.

Ongeza jambo moja la kujikagua. Angalia vidole vyako: je, ncha zimevimba na kucha zimebinuka kuliko zamani? Mwambie daktari. Kisha geuka, mwombe asikilize mgongoni, usawa wa mbavu za chini. Mapafu yenye makovu hutoa mlio wa kukwaruza pale unapovuta pumzi ndefu, na mlio huo unasikika vizuri zaidi huko chini.

Safari ya vipimo

Zahanati na kituo cha afya ni mlango wa kuingilia. Omba rufaa iliyoandikwa. Kutoka Mamba hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi pale Mpanda ni mwendo wa haja, unapita katikati ya Hifadhi ya Katavi, na nauli yake si ndogo. Usiende kwa kubahatisha. Piga simu au mtume ndugu aliye mjini aulize: eksirei inafanya kazi leo? CT scan je? Daktari wa magonjwa ya ndani yupo siku gani? Bima yako inabeba kipimo gani na kipi utalipa mkononi?

Unachotafuta ni picha ya kifua kwanza. CT scan inaonyesha makovu madogo ambayo eksirei inayakosa. Kipimo cha spirometa, ambacho unapuliza kwa nguvu kwenye bomba, kinaonyesha mapafu yanabeba hewa kiasi gani. Ikibidi kupelekwa mbele, njia za kawaida ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Bugando au Muhimbili. Kwa silikosisi yenyewe, Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 1926 kuhudumia wagonjwa wa TB, ina uzoefu mkubwa kutokana na wachimbaji wa tanzanite wa Mererani.

Picha zako za zamani usizitupe, wala usizipeleke zikazibe dirisha la jikoni. Picha moja inaonyesha kovu lipo. Picha mbili za miaka tofauti zinaonyesha linakimbia au limetulia. Hilo la pili ndilo linaloamua matibabu.

Kata vumbi leo, siyo baada ya majibu

Kama bado unakwenda machimboni na daktari amesema makovu yapo, acha kazi ya vumbi. Najua kuna madeni na kuna ada ya shule. Lakini hakuna namna ya kuvuta silika kidogo kidogo na kovu likabaki dogo. Omba kazi nyingine palepale: mlinzi, mhasibu wa mifuko, mpishi, mbali na karasha. Kovu linaweza kuendelea kukua hata baada ya kuacha, sembuse ukiendelea.

Kwa wale ambao bado wazima: maji. Maji yanashinda barakoa. Lowesha mwamba kabla ya kutoboa, tumia mashine yenye mpira wa maji, nyunyizia mawe kabla ya kuyatia karashani. Baada ya kulipua, subirini hewa ichujike ndipo mshuke. Simama upande upepo unakotokea, usisimame unakoelekea. Maji ni shida kiangazi, ndiyo, lakini yale ya kulowesha si lazima yawe ya kunywa, na yanaweza kukingwa yakatumika tena.

Kitambaa cha shingoni hakizuii silika. Kanga haizuii. Barakoa ya bluu ya hospitali nayo haizuii, inakupa moyo tu. Tafuta iliyoandikwa N95 au FFP2, ibane ikae bila upenyo pembeni ya pua, na unyoe ndevu, maana ndevu zinaiinua. Ikilowa au ikiziba, tupa. Na hata hiyo ni ya kusaidia maji, haichukui nafasi yake.

Usirudi nyumbani na mgodi. Oga na badili nguo kabla ya kuingia ndani. Nguo za kazini usizikung'ute. Zitumbukize majini kwanza ndipo zifuliwe. Anayezikung'uta uani ni mkeo au dada yako, na mtoto mgongoni.

Huku Mamba kwenyewe vumbi lina sura nyingine. Nyunyiza maji kabla ya kufagia uwanja, au mwachie mwingine kazi hiyo. Mashine za kukoboa mpunga, tuma mtu. Wakati wa kupepeta, kaa mbali. Na majivu ya pumba za mpunga, yale yanayobaki mkichoma matofali, sehemu yake kubwa ni silika. Yakizolewa makavu siku ya upepo, wewe usiwepo. Ukipanda bodaboda kwenye barabara ya vumbi, funga barakoa na mwambie dereva asimfuate lori kwa nyuma.

Moshi nao uhesabu. Jiko liwe nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili. Kuni ziwe kavu kabisa. Ukiweza gesi, hata ya chai ya asubuhi na maji ya kuoga tu, anza nayo. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, lakini mapafu yako hayawezi kusubiri hadi hapo. Mabani ya kukaushia tumbaku usiyalinde usiku. Sigara, acha. Bangi ni moshi pia.

Ifundishe pumzi yako kazi

Mtu akikosa pumzi, ndugu humwambia akae, apumzike. Wanampenda, lakini wanamharibia. Misuli isiyotumika hulegea, na misuli legevu inadai oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ileile. Baada ya miezi miwili ya kukaa kwenye kiti, kwenda chooni kunakuwa safari.

Tembea. Anza na dakika 5 mahali tambarare, asubuhi vumbi lingali limelala. Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kusema sentensi nzima, ingawa huwezi kuimba. Ukishindwa kusema, punguza. Ongeza dakika moja au mbili kila wiki. Siku tano kwa wiki zinatosha. Siku usizotembea, kaa na kusimama kutoka kwenye kiti mara 10 bila kujisukuma kwa mikono, pumzika, rudia.

Pumzi ikikukimbia, usikimbizane nayo. Kaa, inamia mbele, viwiko juu ya magoti, mabega yalegee. Vuta kwa pua, toa kwa midomo iliyobana, taratibu, bila kusukuma. Ukiwa njiani hakuna kiti, egemea mti au ukuta. Mara nyingi dakika chache zinatosha, na hofu ikishuka pumzi inarudi haraka zaidi.

Kwenye kazi yoyote ya nguvu, toa pumzi wakati wa kunyanyua. Watu wengi hubana pumzi wakijitwisha ndoo. Ndoo yenyewe iwe ya lita 10, uende mara mbili. Palizi ifanye alfajiri kwa vipande vifupi, kwa jembe la mpini mrefu, kwa sababu kuinama kunabana kifua. Oga umekaa kwenye kigoda. Menya, osha na katakata ukiwa umekaa. Tendo la ndoa pia lina mpango wake: siyo baada ya kushiba, siyo ukiwa umechoka, na mwenzako achukue sehemu kubwa ya kazi. Liongeleeni, kunyamaza ndiko kunakoleta maneno.

Chagua njia moja ya kujipima. Kwa mfano kutoka mlangoni hadi bombani na kurudi. Kila Jumapili, andika umetumia dakika ngapi na umesimama mara ngapi. Ukiona umeanza kusimama mara tatu pale ulipokuwa unasimama mara moja, hilo ni jambo la kumpelekea daktari, tena ni zito kuliko kumwambia "najisikia vibaya".

Tumbo likijaa ugali, linasukuma kifua juu. Kula kidogo, mara nyingi. Weka protini kila mlo: maharage, dagaa, mayai, karanga. Uzito ukishuka bila wewe kutaka, usiufurahie.

Dawa, na vitu vinavyojiita dawa

Maziwa. Kila machimbo utaambiwa kunywa maziwa yasafishe vumbi. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, na njia hizo mbili hazikutani. Kunywa kwa afya, ni chakula kizuri, ila yasikupe ujasiri wa kutoboa kavu. Konyagi na gongo, hata hilo la chakula halimo.

Kujifukiza. Kujifunika blanketi juu ya sufuria inayotoa mvuke, kwa mtu ambaye pumzi ni ya shida, ni kujitafutia kuzimia au kuungua. Kuchoma majani na kuvuta moshi wake ni kuongeza moto kwenye kidonda.

Prednisolone. Inauzwa, ni ya bei nafuu, na siku mbili za kwanza unajisikia mfalme. Haiyeyushi kovu. Inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa, na inaweza kumwamsha mdudu wa TB aliyelala. Kwa aina ya makovu yasiyo na chanzo, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulichanganya prednisone, ndugu yake wa karibu, na azathioprine na N-acetylcysteine. Waliopewa mchanganyiko huo walikufa na kulazwa zaidi kuliko wasiopewa. Zipo aina nyingine za ugonjwa, hasa zinazotokana na baridi yabisi au kinyesi cha ndege, ambazo daktari huitumia prednisolone kwa faida. Aamue yeye, siyo muuza duka. Na kama umekuwa ukiinywa kwa wiki kadhaa, usiikate ghafla. Mwone daktari akushushe taratibu.

Dawa zenyewe za kupunguza kasi ya kovu zipo mbili zinazotajwa sana: pirfenidone na nintedanib, zote zilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa ile aina ya makovu yasiyo na chanzo. Hazirudishi pumzi iliyopotea. Zinachelewesha kupotea kwa iliyobaki, kwa baadhi ya wagonjwa, na ni ghali. Usiuze shamba kwa ushauri wa mtu wa mtandaoni. Kaa na daktari bingwa wa mapafu, akuambie kama aina yako ni ile inayonufaika, na utazitumia kwa muda gani.

Kuhusu chanjo, uliza hospitali ya mkoa kama wana ya mafua na ya nimonia kwa watu wazima. Wakati huo huo hakikisha watoto wa nyumbani wamekamilisha za kwao, maana mafua huingia na watoto. Mwenye kikohozi asikusogelee usoni, hata akiwa mjukuu unayempenda.

Oksijeni

Kipimo cha kidoleni, oksimita, kinauzwa kwenye maduka mengi ya dawa mjini. Mtu mzima mwenye afya husoma 95 au zaidi. Pima ukiwa umetulia dakika 5, kisha pima tena mara tu baada ya kutembea, kwa sababu mapafu yenye makovu hudanganya yakiwa yamekaa. Kidole kiwe na joto. Ondoa rangi ya kucha. Hina nyeusi nayo inaharibu usomaji, kwa hiyo dada mwenye harusi wiki hii aache kidole kimoja kitupu.

Ukisoma chini ya 90 mara kwa mara ukiwa umetulia, usikae nyumbani. Wakikuandikia oksijeni ya nyumbani, kubali bila kuona aibu; haikuzoeshi, wala si dalili kwamba umefika mwisho. Ila kaa nayo mita tatu mbali na jiko, mshumaa na kibatari, na asivute mtu sigara chumbani. Kama ni mashine ya umeme, mkubaliane mapema mtafanya nini umeme ukikatika, na kama kuna mtungi wa akiba.

Yapo mambo ambayo hayasubiri asubuhi: kukohoa damu, maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kifua pamoja na kukata pumzi, ambapo huenda pafu limetoboka, midomo kuwa ya bluu, homa kali, miguu kuvimba, kuchanganyikiwa. Weka namba ya mwenye gari au bodaboda unayemwamini, na pesa yake ya dharura itengwe leo. Usiku wa manane si wakati wa kupatana bei.

Haki yako, na ya anayefuata

Kama uliajiriwa rasmi mgodini au kiwandani, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka upimwe afya unapoanza kazi, ukiwa kazini na unapoacha. Omba nakala ya kila kipimo. Ugonjwa unaotokana na kazi unaweza kufidiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayechangia. Toa taarifa mapema, na karatasi ile ya historia ya kazi uwe nayo mkononi. Mchimbaji wa kujitegemea kwenye duara la mwenye leseni hana kinga hiyo, na ndiyo maana kwake maji kwenye mwamba yana thamani kuliko ahadi yoyote ya mwenye duara.

Mdogo wako akifunga begi kwenda Dirifu baada ya mavuno, usipoteze muda kumkataza, hatasikia. Mnunulie barakoa mbili za N95, mpigishe eksirei ya kifua kabla hajaondoka ili picha ya mwanzo iwepo, na mwambie atakayempa mashine ya kutobolea isiyo na maji, aikatae.